Shajara ya ngozi za nyoka watatu, Dodoma: kutoka kipupwe cha Juni hadi mvua za Januari

Mimi na mdogo wangu tunafuga nyoka watatu hapa Veyula, kaskazini mwa jiji, kwa kibali cha elimu. Tunawapeleka kwenye shule za Chamwino na Bahi ili watoto wajifunze kumtofautisha nyoka wa kukimbiwa na nyoka wa kuachwa apite zake. Wote watatu hawana sumu ya kumdhuru mtu. Mbuyu ni chatu mchanga, sentimita 140, kilo 1.6. Tembe ni nyoka wa nyumba, yule wa kahawia anayekula panya. Ana gramu 140, na jina amelipata kwa sababu tulimwokoa kwenye ukuta wa tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) lililokuwa linabomolewa. Yai ni nyoka mla mayai, mwembamba kama kamba ya kiatu, gramu 65.

Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na makosa na gharama, kwa ajili ya wenzetu wa kanda ya kati ambao hawana wa kumuuliza. Maelekezo mengi ya ufugaji wa nyoka yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wenye vifaa ambavyo hapa havipo madukani.

Neno moja kabla ya kuanza. Kumkamata nyoka porini na kumweka ndani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na kama huna hakika ni nyoka wa aina gani, usimguse, hata kama ngozi yake inakutia huruma.

12 Juni 2024. Gamba limetoka vipande

Mbuyu amejivua gamba usiku. Asubuhi nimekuta vipande 17 sakafuni mwa kizimba, vikavu kama maganda ya vitunguu. Gamba la nyoka mwenye afya hutoka zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, limegeuka ndani nje kama soksi. Hili limemtoka kifuani na mgongoni tu. Shingoni na mkiani bado amevaa la zamani.

Nimechukua kipande cha kichwa nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja la kioo, na hilo nalo hutakiwa kutoka kila anapojivua. Kwenye gamba zuri unaona vifuniko viwili vya duara, vyepesi, kama vioo vya saa ya mtoto. Kwenye kipande changu kulikuwa na kifuniko kimoja, na upande wa pili tundu lenye kingo zilizochanika. Nimemwangalia Mbuyu: jicho la kushoto linang'aa, la kulia limefifia na lina mkunjo mdogo ukingoni. Kifuniko kimebaki.

Kipima unyevu (Sh 18,000, nimekinunua leo, nilitakiwa kukinunua mwaka jana) kinasoma asilimia 24 ndani ya kizimba. Chatu huhitaji kama 50 hadi 60, na zaidi kidogo siku za kujivua. Juni hapa kwetu upepo unakausha nguo kwa nusu saa, na mimi nilikuwa nimeongeza balbu ya joto kwa sababu ya baridi ya usiku. Balbu imemalizia unyevu mdogo uliokuwapo. Kati ya gamba la zamani na jipya mwili wa nyoka hutoa majimaji yanayoyatenganisha. Nyoka akikaukiwa, majimaji hayo hayatoshi na magamba mawili yanashikana.

14 Juni. Nilivyomuumiza

Kosa la kwanza ni langu peke yangu. Jana niliona kipande cha shingoni kimenyanyuka upande mmoja, nikakivuta kikavu. Kilitoka kwa sentimita nne hivi, kisha kikashika. Nikavuta tena. Chini yake gamba jipya lilikuwa bado halijakomaa, na magamba matatu yakanyanyuka nalo, yakaacha alama nyekundu yenye unyevu. Mbuyu hakupiga hata mlio. Alijikunja tu akaficha kichwa chini ya mwili. Sikulala vizuri.

Kosa la pili nililipokea kwa nia njema. Bibi jirani alipita, akasema, "Mjukuu wangu, kitu kilichokauka kinataka mafuta." Nikampaka mafuta ya nazi. Hayakulainisha gamba la zamani hata kidogo, ila kila punje ya vumbi la Veyula ilimng'ang'ania, hadi ikabidi nianze kwa kumwosha mafuta.

Kilichofanya kazi ni maji. Beseni lenye kina kisichofika juu ya mwili wake, maji ya nyuzi 29 kwa kipimajoto, dakika 30, na mimi nimekaa pembeni muda wote. Kisha nimemfunga ndani ya taulo iliyolowa na kukamuliwa, nikamwacha apite mwenyewe katikati ya mikunjo. Taulo ndiyo inayovuta, na inavuta kwa kadiri nyoka anavyotaka. Gamba la shingoni limetoka lote.

18 Juni. Mkia na jicho

Maji na taulo mara tatu, siku moja moja ya kupumzika katikati. Mkiani zimebaki pete mbili za gamba kuukuu. Hizi msizidharau. Pete ikikauka hubana, na kila akijivua pete nyingine hupanda juu yake, hadi damu inakatika na ncha ya mkia inakufa. Nimezilainisha kwa pamba za masikio zilizolowa, nikizungusha kufuata mwelekeo wa magamba, kutoka kichwani kwenda mkiani. Dakika 40 kwa pete mbili.

Jicho sijaligusa. Kibano ninacho, na mkono ulikuwa unaniwasha. Lakini ukikosea unang'oa gamba lenyewe la jicho, na nyoka anaweza kulipoteza jicho. Likibaki, litasubiri mvuo unaofuata.

23 Juni. Chumba cha unyevu

Badala ya kumwagia maji kizimba kizima, tumetengeneza pango dogo lenye unyevu: boksi la plastiki lenye mfuniko (Sh 4,500), tundu la kuingilia lililokatwa kwa kisu cha moto na kulainishwa kingo, ndani usumba (nyuzi za maganda ya nazi) uliolowekwa na kukamuliwa hadi maji yasidondoke. Kuvumwani, ule mmea laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu, huku hakuna, lakini dereva wa lori la nazi ametuletea gunia la usumba kutoka Tanga kwa Sh 6,000, na litatosha mwaka. Pembeni tumeweka jiwe lisilo laini na kipande cha gunia la katani ili apate pa kujisugulia. Nusu ya wavu wa juu nimeifunika kwa nailoni.

Asilimia 52. Nilifurahi mno, nikafanya hivyohivyo kwenye vizimba vyote vitatu.

9 Julai. Tumbo la Tembe

Hapo ndipo palipoharibika. Tembe si chatu. Nyoka wa nyumba anaishi kwenye nyufa za kuta na chini ya magogo makavu, na mimi nimemfungia kwenye unyevu wiki mbili, nailoni juu, pumba za mbao chini zikinyonya maji na kinyesi. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Balbu yake ilikuwa ndogo, na asubuhi matone yalikuwa yanatiririka kwenye kioo. Niliyaona matone hayo siku sita mfululizo. Niliyaona kama ishara kwamba unyevu upo.

Tarehe 3 nilimwona tumbo limekuwa la waridi. Nikajiambia anakaribia kujivua, kwani nyoka wengi hubadilika rangi ya tumbo kabla ya kujivua. Naandika tofauti hapa ili msipoteze siku sita kama mimi. Waridi ya kujivua imeenea sawasawa tumbo zima, na ndani ya siku chache macho yanageuka ya buluu-maziwa. Kilichokuwa kwa Tembe kilikuwa mabaka: hapa pekundu, pale pa kawaida. Kingo za magamba ya tumbo zilikuwa za kahawia na zimenyanyuka kidogo, na macho yalikuwa maangavu kabisa. Nilipomgeuza leo na kupitisha kidole, nimehisi vijilengelenge vitano, kimoja kikubwa kama punje ya uwele, vina maji meupe ndani. Na kuna harufu. Nyoka msafi hanuki kitu.

Huu ni uozo wa magamba. Ngozi iliyolowa muda mrefu kwenye uchafu na baridi inalainika, bakteria wanaingia, malengelenge yanatokea, yanapasuka, yanakuwa vidonda.

Nimemtoa. Kizimba kimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto, kikaanikwa juani siku nzima. Pumba nimezichoma. Chini sasa ni magazeti tu, yanabadilishwa kila siku, na yakichafuka hata dakika hiyohiyo. Nailoni imeondolewa. Themostati, kifaa cha kudhibiti joto (Sh 38,000), imewekwa ili upande wa joto ubaki nyuzi 30 usiku na mchana. Kinga ya nyoka inategemea joto la nje, na nyoka mgonjwa aliyepoa hapambani na chochote.

11 Julai. Asali

Asali inatumika kwenye vidonda vya watu na vya wanyama, inajulikana, na sisi tuko jirani na Manyoni na Itigi, nchi ya asali. Nikanunua nusu lita (Sh 8,000), nikampaka Tembe tumboni tabaka jembamba kabla ya kulala.

Saa kumi alfajiri mdogo wangu aliniamsha. Msafara wa sisimizi ulikuwa umepanda mguu wa meza, umeingia kwenye tundu la hewa, na Tembe alikuwa anazungukazunguka kizimba kizima. Walikuwa wamejaa tumboni, kwenye vidonda penyewe. Tulimtumbukiza kwa mikono yetu kwenye beseni la maji vuguvugu na kuwatoa mmoja mmoja hadi jua lilipochomoza. Asubuhi vidonda viwili vilikuwa vimechimbika zaidi ya jana.

Silaumu asali. Ila kwa nyoka anayeburuza tumbo lake chini, katika nyumba ya Dodoma, asali bila bandeji na bila ulinzi wa sisimizi ni hatari. Sasa miguu ya meza zote imesimama kwenye makopo yenye maji.

12 Julai. Daktari

Nilichelewa kwenda kwa daktari wa mifugo kwa sababu nilidhani atanicheka. Hakunicheka. Aliniambia waziwazi, "Nyoka sijawahi kumtibu, lakini nipe nusu saa," akampigia mwenzake aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kisha akaosha mikono, akamshika Tembe kwa namna ambayo sikuwahi kuwaona wengi wakimshika nyoka, kama mtu aliyeshika kitu cha thamani. Ada Sh 20,000.

Maelekezo yake, kama nilivyoyaandika pale mezani:

Povidoni ayodini, ile ya kahawia inayouzwa duka la dawa (Sh 3,500), haitumiki ilivyo. Inachanganywa na maji vuguvugu hadi rangi iwe ya chai ya rangi iliyo nyepesi, ile ambayo unaona chini ya kikombe. Nyoka anakaa humo dakika 15, kichwa nje, mara moja kwa siku. Anakaushwa kwa gozi (kitambaa chepesi cha vidonda) kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Kisha krimu ya silva salfadiazini, ile ya vidonda vya moto (Sh 6,000), inapakwa nyembamba kabisa. Bakuli la maji linatolewa usiku na kurudishwa mchana, ili asijilaze ndani yake.

Apimwe uzito kila wiki. Mzani wa jikoni, Sh 25,000.

Na mpaka wa tiba ya nyumbani: vidonda vikizidi kina, tumbo likienea wekundu, akiacha mdomo wazi, akitoa mapovu puani au akilegea, hiyo si shida ya ngozi tena. Bakteria wameingia damuni na anahitaji antibayotiki ya sindano, kwa kipimo cha uzito wake, kutoka kwa daktari. Nilimuuliza kama nampa sindano kila siku kama ng'ombe. Akasema dawa kama seftazidimu kwa nyoka hutolewa kila baada ya saa 72, kwa sababu mwili wake huitoa dawa polepole mno. Mtu akimchoma kila siku kwa kufuata mazoea ya mifugo anaweza kumuua.

Akaongeza jambo ambalo sikulijua: usaha wa nyoka haumiminiki. Ni mgumu, kama jibini. Kwa hiyo uvimbe mgumu chini ya ngozi haukamuliwi kama jipu la mtu. Unafunguliwa na daktari na kutolewa kitu chote.

29 Julai. Mvuo wa kwanza

Siku 17 za ayodini na krimu. Nimepiga picha kila baada ya siku tatu, sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni ili nione kama doa linapungua au macho yangu ndiyo yanayotamani lipungue. Malengelenge matatu yamekauka bila kupasuka. Vidonda viwili vya sisimizi vimefunga ukoko.

Leo amejivua, zima. Chini ya ukoko ngozi mpya ni laini, ya rangi ya kijivu, haina umbo la gamba bado. Daktari alinionya kwamba nyoka aliyeumia ngozi hujivua haraka haraka, na kila mvuo unafuta sehemu ya kovu. Uzito gramu 128. Amepungua 12.

Mbuyu naye amejivua wiki hii. Kipande cha kichwa kimetoka na vifuniko: upande wa kushoto kimoja, upande wa kulia viwili vimepandana. Nimevitenganisha kwa kucha ili nihakikishe. Jicho la kulia linang'aa.

Agosti

Shughuli za kawaida. Tembe amekula panya mfu mdogo tarehe 8, kisha tarehe 17. Tunawalisha panya waliokwisha kufa, na tusingefanya vinginevyo: panya hai aliyeachwa kizimbani usiku anamtafuna nyoka mgongoni hadi mfupa.

6 Septemba. Pilipili manga kwenye maji

Tembe amejivua mara ya pili jana, vizuri. Ila leo ni Yai. Tangu juzi amejilaza ndani ya bakuli la maji, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilipolitoa bakuli nikaona chini yake vitu vyeusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa. Baadhi vilikuwa vinatembea.

Nimempitishia tishu nyeupe mwilini. Imetoka na nukta nyeusi. Nimeiminya moja, imeacha alama nyekundu. Hiyo ni damu yake. Utitiri wa nyoka. Kila mdudu hafiki milimita moja na nusu, na wanajificha chini ya kidevu, pembeni mwa macho na katikati ya magamba. Yai ana magamba yenye matuta makali, yale anayoyasugua pamoja kutoa mlio wa kumtisha adui, na ndani ya matuta hayo utitiri unajificha kama kwenye paa la makuti.

Umetoka wapi? Tarehe 20 Agosti mkulima wa zabibu alituletea nyoka wa nyumba aliyenaswa kwenye nyavu za ndege. Tulimkata nyavu, tukamweka usiku mmoja chumba kilekile, meza ileile, asubuhi tukamwachia shambani. Usiku mmoja ulitosha. Nilipaswa kumweka chumba kingine, na nilijua.

8 Septemba. Dawa ya ng'ombe

Hii entri inaniuma kuiandika, lakini ndiyo inayoweza kuokoa nyoka wa mtu.

Mnadani nilimweleza muuza dawa za mifugo. Akanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe (Sh 7,000), akasema inaua kupe na utitiri papo hapo. Sikumpaka Yai. Nilijiona mwangalifu: nilinyunyizia kizimba tu, nikasubiri saa mbili, nikamrudisha. Sikupima kipimo sawasawa, sikukausha, sikupitisha hewa.

Baada ya dakika 20 hivi kichwa chake kilianza kutetemeka. Kikainama upande wa kushoto. Nilipomlaza chali, kwa kawaida angejigeuza mara moja. Alibaki chali, mkia ukipindapinda kama uzi unaosokotwa. Nilimtoa, nikamwosha kwa maji vuguvugu yanayotiririka kidogo kidogo, nikamweka kwenye ndoo safi yenye gazeti, dirisha wazi, nikampigia daktari. Alisema: hewa, joto la kawaida, giza, usimpe chochote mdomoni, usimshike. Nilikaa sakafuni karibu na ile ndoo hadi saa nane usiku.

Asubuhi aliweza kujigeuza. Siku ya pili alinyoosha ulimi. Siku ya nne alitembea ukingo wa ndoo kama zamani. Kile kizimba cha mbao nimekivunja. Mbao inanyonya sumu na kuitoa polepole.

12 Septemba. Mpango mpya wa utitiri

Nimezungumza na daktari kwa muda mrefu. Kinachohitajika ni kufahamu maisha ya mdudu mwenyewe. Jike hashindi kwenye nyoka muda wote. Anashuka kutaga kwenye nyufa za kizimba, na mayai hayafi kwa dawa. Kwa joto la nyuzi 25 hadi 30 yai hufika utu uzima ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kwa hiyo anayetibu mara moja na kupumzika anasubiri kizazi kijacho.

Tumefanya hivi. Nyoka wote watatu, hata wasioonyesha dalili, wamehamia kwenye maboksi ya plastiki yasiyo na ufa, karatasi nyeupe chini, bakuli na pango la kutupwa. Kila siku ya tatu karatasi inakunjwa, inatiwa kwenye mfuko, inachomwa. Boksi linaoshwa kwa maji ya moto. Fipronili, dawa ya viroboto na kupe wa mbwa (Sh 22,000), inanyunyiziwa kwenye kitambaa, mbali na nyoka, kitambaa kinaachwa hadi harufu ya spiriti iishe, kisha anapanguswa mwili mara moja, kichwa kikirukwa. Kichwani tumetumia pamba yenye maji tu, na kibano kwa wadudu wa kidevuni. Maji ya kunywa yanatolewa na kurudishwa kesho yake. Fipronili ni mara moja kwa wiki, wiki sita. Yai, kwa sababu ya yaliyompata, ataruka wiki ya kwanza na ya pili. Kwake itakuwa maji ya dakika 20 na karatasi mpya kila siku.

Daktari alitaja ivamektini pia, dawa ya minyoo na wadudu wa mifugo, akaikataa hapohapo aliposikia tuna kobe uani. Ivamektini inaua kobe. Mtu mwenye kobe na nyoka nyumba moja asiilete kabisa karibu.

24 Oktoba. Karatasi nyeupe

Wiki sita zimekwisha. Jedwali la mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anahesabu nukta kwenye karatasi za Yai kila asubuhi: wiki ya kwanza 61, ya pili 44, ya tatu 52 (kizazi kipya kilianguliwa, tulivunjika moyo), ya nne 9, ya tano 2, ya sita hakuna. Tutaendelea kuhesabu mwezi mmoja zaidi bila dawa.

Yai amemeza yai la kware leo, la kwanza tangu Agosti. Tulikaa wote wawili tukimtazama hadi akatema ganda lililopondeka.

18 Novemba

Joto kali, unyevu asilimia 21 sebuleni. Mbuyu amejivua gamba zima, sentimita 171 likiwa limenyooka (gamba hurefuka, msijivunie vipimo vyake). Vifuniko vyote viwili vipo. Macho yalikuwa ya maziwa kwa siku tano, yakatakata, na siku nne baadaye akaingia kwenye pango la usumba mwenyewe na kujivulia humo. Siku zote hizo hatukumshika wala kumlisha.

11 Januari 2025. Mvua

Imenyesha tangu Krismasi na kipima unyevu kinasoma asilimia 68 bila mimi kufanya lolote. Usumba nimeutoa kwa Mbuyu, na nailoni haijarudi popote. Matundu mapya ya hewa yametobolewa kwenye boksi la Tembe, kumi kila upande.

Tembe ana gramu 151. Amejivua mara nne tangu Julai. Nimemgeuza leo na kuhesabu: magamba saba ya tumbo bado yana kovu, matano kati ya hayo ni mstari mweupe mwembamba tu. Mawili, pale walipochimba sisimizi, yameota yamepinda na yatabaki hivyo.

Gharama zote, pamoja na chupa ya pili ya ayodini (Sh 3,500), gozi na pamba (Sh 4,000) na maboksi ya plastiki (Sh 28,000): Sh 193,500. Kati ya hizo, Sh 15,000 zilikwenda kwenye asali na dawa ya ng'ombe.

Jana mkulima yuleyule wa zabibu amemleta nyoka mwingine, amenaswa nyavuni vilevile, ana jeraha shingoni linalohitaji siku kadhaa, na tumekwisha kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori. Yuko chumba cha nyuma, kwenye boksi lake, na kibano chake, taulo yake na bakuli lake. Anahudumiwa wa mwisho, baada ya hawa watatu, na mikono inaoshwa mlangoni. Karatasi yake ya asubuhi ya leo ina nukta nne.